Sauti Nyuma ya Kioo

Maiti ilikuwa imeketi, nayo sauti yake ilikuwa ikiimba.

Ndivyo Inspekta alivyoikuta studio asubuhi ile. Nyuma ya kioo, katika chumba kidogo cha kuimbia chenye kuta za sponji, mwanamuziki wa roki aliyejulikana kwa jina la Radi alikuwa kitini, hedifoni masikioni, waya wake umemzunguka shingoni. Upande wa huku wa kioo, spika zilimwaga sauti nzito yenye mikwaruzo, ikianza upya kila wimbo ulipokwisha.

"Zima," Inspekta aliamuru.

Koplo alizima.

Aliyeigundua maiti alikuwa fundi wa mitambo, mdogo wake marehemu wa tumbo moja.

"Nilipofungua mlango nilimsikia anaimba, afande. Nikasema, leo kaka kaamka na moyo. Nikachemsha chai, vikombe viwili. Changu nilikimaliza nikimsikiliza, kabla sijageukia kioo."

Daktari wa polisi aliujaribu mkono wa marehemu. "Mwili umekakamaa. Alinyongwa jana."

"Jana nani alikuwapo?" Inspekta alimuuliza fundi.

"Mimi niliondoka mapema. Wapigaji wetu ni wa kukodi: kila mmoja huja siku yake, hurekodi sehemu yake, akaenda zake. Wa gitaa na wa besi walishamaliza, wakasafiri. Jana ilikuwa zamu ya mpiga dramu."

"Na kuimba?"

"Kaka alijifungia peke yake, mitambo akaiendesha mwenyewe. Tangu augue koo alikuwa anaona haya kutazamwa."

Inspekta hakulipenda lile neno "peke yake". "Niwekee sauti tupu. Vyombo vyote vinyamaze."

Ikaja sauti, uchi kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Kisha pumziko. Katika pumziko hilo, karibu kabisa na sikio, ulimi ulibofya: to, to, to, to. Ndipo mstari mwingine ukaanza. Kila mstari, kabla yake, to, to, to, to.

"Nini hicho?"

Fundi alikuwa amepauka. "Anajihesabia mapigo kabla ya kuingia. Vyombo vilikuwa vimekifunika."

"Kaka yako alikuwa na tabia hiyo?"

"Kaka? Maisha yake yote hajahesabu. Aliingia alipojisikia, sisi tukamkimbilia nyuma."

"Basi anayeimba ni nani?"

Fundi alisimamisha mtambo. "Usiniulize hivyo, afande. Hiyo ni sauti ya kaka yangu. Ndiyo niliyobakiwa nayo."

Mchana mpiga dramu aliletwa kituoni: mwembamba, mwenye adabu, mikono mirefu isiyotulia.

"Ulimwacha Radi yu hai?"

"Yu hai, anaimba. Nilimsikia nikiwa mlangoni."

"Wewe umewahi kuimba kwenye maikrofoni ile?"

"Mimi wa kupiga tu, afande. Nikiimba hata mbwa wanahama mtaa."

Koplo alificha tabasamu. Inspekta hakuwa na la kuficha.

"Nipigie meza hii. Wimbo wowote."

Mtu yule alisita, akainua viganja. Kabla havijashuka, ulimi wake ukabofya mara nne.

Alijisikia mwenyewe. Viganja vikabaki hewani.

"Ukiwa na fimbo, unagonganisha fimbo," Inspekta alisema. "Usipokuwa nazo, ulimi. Umezoea kuwaingiza wenzako hata ukajiingiza mwenyewe." Akampa onyo la kisheria: kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba atakalosema litaandikwa na huenda likatumika mahakamani.

Hakunyamaza.

"Koo lake lilikwisha, afande. Alibaki na mnong'ono. Alinisikia nikimwigiza kwa mzaha, akaniomba nimwimbie albamu nzima usiku, hata mdogo wake asijue. Nikakubali. Mpigaji wa kukodi hatajwi. Ndiyo kazi yetu."

"Basi ulimuulia nini?"

"Jana nilirudi kuchukua koti. Nikamkuta humo ndani, anachezesha midomo juu ya sauti yangu, machozi yanamtoka. Akaninong'oneza, 'Umesikia nilivyoimba?' Nikadhani utani. Nikamwambia, bosi, tuko wawili tu humu. Akanishangaa kwa dhati, afande. Akaniuliza, 'Kwani wewe uliimba lini?'"

Alitazama mikono yake.

"Nyumbani nikimbembeleza binti yangu, hutoka sauti ya Radi. Mtoto analia, ananisukuma. Yangu siipati tena. Na aliyeichukua hakumbuki kwamba alipewa. Nikauvuta waya shingoni mwake ili ile sauti inyamaze. Akanyamaza yeye. Yenyewe ikaendelea."

Inspekta alikuwa mtu wa kuthibitisha. "Imba mstari mmoja, Koplo asikie."

Mshukiwa alifumba macho, akaimba. Kalamu ya Koplo ilisimama. Ukumbini, fundi alikokuwa akisubiri kutia saini maelezo yake, benchi lilikwaruza sakafu; hatua zikaja mbio, na kiganja kikatua mlangoni.

"Kaka?"

Inspekta aliinua mkono kumnyamazisha mshukiwa. Lakini yule aliendelea, macho yamefumbwa, mpaka ubeti ukaisha.