Nyuma Mpo?

Ijumaa ile tulivuka Kigamboni tukiwa watatu na kapu la vyakula: mie, mke wangu Atuganile, na kaka yake Benson. Tukapanda boti hadi kisiwa kidogo chenye nyumba moja tu ya wageni. Likizo. Atuganile akakaanga samaki, mie nikalala kwenye jamvi mpaka nikakoroma.

Shida ya Benson ilikuwa moja: pa kukimbilia. Ana presha, daktari kamwambia akimbie kila asubuhi. Na kwetu Madale alishaapa hakimbii tena barabarani tangu Hamisa afe.

Hamisa alikuwa mwimbishaji wa klabu yetu ya jogging. Jumamosi alfajiri tunashuka kutoka Madale hadi Tegeta, fulana za njano, nyimbo juu. Benson alikuwa mlinzi wa nyuma. Anaendesha pikipiki polepole mwisho wa msafara, taa zinawaka, ili magari yasituparamie. Kila kona Hamisa anaita, "Nyuma mpo?" Benson anaitika, "Tupo!" Akiitika hivyo, tunajua migongo yetu iko salama.

Asubuhi moja lori lilitokea nyuma, likampitia Hamisa. Kiatu chake cha kushoto kiliruka, tukakitafuta mitaroni, hakikuonekana. Msibani Benson alisema mbele za watu kwamba yeye alikuwepo nyuma, na marehemu ndiye aliyetoka nje ya mstari. Tulimwamini. Alipokwenda kumpa mkono wa pole mama wa marehemu, Bi Najat, yule mama hakuupokea.

"Mwanangu hakuwa mtu wa kutoka mstarini," akasema taratibu. "Haya. Atakuja kukuonyesha mwenyewe."

Sasa kisiwani. Asubuhi ya kwanza Benson alijaribu ufukweni, akakuta maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje. Akaenda upande wa pili, kumbe ni matumbawe matupu, makali kama wembe. Akarudi anachechemea, raba ya kushoto imechanika ubavuni. Mtunza nyumba, jamaa wa Kigamboni anayeitwa Kondo, akamcheka.

"Braza, wenzio wanakuja huku kupumzika, wewe unatafuta jasho?"

"Nioneshe njia, acha maneno."

"Ipo ya katikati, inapita kwenye mivinje na kuzunguka kisiwa chote. Mchanga wake mgumu, safi. Ila ukisikia unaitwa humo na humuoni anayekuita, usiitike."

"Sie Wanyakyusa hatuna mambo hayo."

"Mwitaji naye haulizi kabila," Kondo akasema, akaendelea kuparua samaki.

Tukacheka sote.

Kesho yake Benson alitoka jua likiwa limeshachomoza. Nilikuwa nje nasuuza kikombe, nikamwona anaingia kwenye mivinje. Kitambo kidogo nikasikia sauti ya mwanamke, kwa mbali. Sauti nzuri.

"Nyuma mpo?"

Nikasema moyoni, hiyo redio ya Kondo. Kondo hakuwa na redio.

Benson akaitika. Mazoea ya miaka, mdomo haukumsubiri. "Tupo!"

Ndege wote wakanyamaza.

Tukamsubiri kwa chai. Akapita mbele ya nyumba anakimbia, hakutugeukia. Akazunguka kisiwa, akapita tena. Na tena. Jua likawa la utosi. Fulana imemganda mwilini, macho yamemtoka. Kila kona sauti inauliza. Kila kona anaitika. Sauti yake ilishakauka, lakini anaitika.

Mie na Kondo tukamvizia njiani, tukamwangusha. Miguu yake iliendelea kukimbia hewani.

Nikamwinamia. "Shemeji. Nani yuko huko?"

"Yuko mbele yangu," akanong'ona. "Hageuki. Shemeji, sikuwepo siku ile. Niliitika, halafu nikakata kona kwenda kunywa supu. Aliamini nipo. Sikuwepo."

Damu ikanipanda kichwani. Mie mwizi naweza kumsamehe. Mwongo anayemsingizia maiti, hapana.

Nikatazama njia. Mbele ya kila unyayo wa Benson kulikuwa na mwingine, mdogo. Kulia kiatu. Kushoto peku. Zote zimenyooka kwenye mstari mmoja, utadhani umepigwa kwa kamba.

Tulirudi Madale siku hiyohiyo. Nikamweka Benson chumba cha uani, nikamwambia mbele ya dada yake, "Jumamosi utasimama mbele ya klabu, halafu tutakwenda kwa Bi Najat. Utasema kama ulivyoniambia mie. Msafishe marehemu."

"Watu wataninyooshea vidole mpaka nife, shemeji."

"Wakunyooshee."

Asubuhi iliyofuata Atuganile alitoka kufagia, akaniita kwa mkono, bila sauti. Udongo wetu ni mwekundu. Kutoka getini kulikuwa na nyayo za mchanga mweupe. Kulia kiatu. Kushoto peku. Ziliishia kwenye kamba ya nguo.

Siku iliyofuata ziliishia kwenye pipa la maji. Kisha kwenye kizingiti cha Benson.

"Baba Lusungu, tia kufuli getini," Atuganile akanong'ona. "Yule ni kaka yangu."

"Hamisa naye ni mtoto wa mtu. Kaka yako ana mdomo, autumie. Siwezi kuufungia uongo geti."

Hakuniaga wakati wa kulala.

Ijumaa jioni nikamfuata Benson chumbani. Amejikunyata kitandani, raba miguuni. Nikamuuliza, "Kesho unasema?"

Akatazama ukuta. "Nitasema nilikuwepo."

Nikatoka. Geti nikaliacha wazi. Wazi kabisa.

Jumamosi kulipopambazuka nilisikia klabu inakaribia. Blessing ndiye anayeimbisha siku hizi, ana sauti nzito. Nikawa nafunga kamba za viatu. Hapo getini kwangu, sauti nyingine ikauliza. Nzuri. Nyembamba.

"Nyuma mpo?"

Mlango wa uani ukafunguka.

"Tupo," Benson akasema. Alikuwa analia.

Nilipofika nje, uwanja mtupu. Nyayo zilikuwa zinatoka sasa. Zile ndogo mbele, na safari hii zina viatu miguu yote miwili. Kubwa nyuma yake. Kulia kiatu. Kushoto peku. Zikanyooka hadi kwenye lami, zikapotea. Nikawauliza wenzangu wa klabu. Hakuna aliyemwona mtu.

Nikaondoka vilevile na fulana ya njano, nikaenda moja kwa moja hadi kwa Bi Najat. Maneno yalikuwa yanadaiwa, na mwenye kuyasema hayupo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hamisa alikuwa mstarini. Benson ndiye hakuwepo."

Akaitikia kwa kichwa kama anayesikia habari za jana, akanionyesha kwa kidole miguuni pangu. Kizingitini kulikuwa na raba ya kiume, ya kushoto, imechanika ubavuni.

"Nimeikuta nilipotoka kuswali," akasema. "Iache hapohapo."

Nikainama, nikaingiza mkono ndani. Mchanga mweupe. Bado una joto la mguu.