Mkono Una Mwenyewe

Ilianza na harufu. Mkono wa kushoto wa Kisu ulinuka nywele zilizoungua, na sabuni haikufua dafu. Wanafunzi wenzake wa udaktari walimwita Kisu kwa sababu aliota upasuaji usiku na mchana.

Asubuhi ya siku hiyo walikuwa wametoka wodi ya wagonjwa wa akili, naye akawavunja mbavu kantini. "Ule nao ni udaktari jamani? Kupiga soga tu!" Kisha akaukamata mkono wa kushoto kwa wa kulia, akaigiza bibi mmoja mgonjwa: "Mkono huu si wangu, wajukuu! Una mwenyewe!" Rafiki yake Mluzi alicheka hadi chai ikamtoka puani.

Bibi alishamwonya pale wodini. "Mjukuu wangu, usimwige," alinong'ona. "Jini huyu, kumwiga ni kumwita." Kisu akamkonyeza Mluzi.

Mchana huohuo bibi aliamka mzima, akafunga mizigo yake kwa mikono miwili, akaenda zake.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Vidole vya Kisu vikawa baridi kama si vyake, vikaanza kugonga meza vyenyewe darasani. Akanyamaza, maana nani angempa kisu mtu mwenye mkono wa namna hiyo? Siku ya mtihani wa upasuaji, chini ya taa kali, mkono ukaachia kifaa, ukatulia, kisha ukapanda polepole kifuani huku harufu ile ikijaa chumba hadi dada muuguzi akaziba pua, ukafika kooni mwa Kisu na kumkaba, na ndani ya glavu sauti nyembamba ikasema, "Si umeniita?"

Akalazwa kitanda kilekile cha bibi. Daktari wa akili, ambaye Kisu alimdharau, ndiye pekee aliyekaa kumsikiliza. Marafiki hawakuja hata kumjulia hali, na hilo lilimuuma kuliko koo.

Walikuja siku ya mafunzo, makoti meupe yamenyooka. Daktari alipogeuka, Mluzi akaukamata mkono wake mwenyewe wa kushoto, akabana sauti: "Mkono huu si wangu!" Wenzake wakafa kwa kicheko.

Kisu alifungua mdomo amkanye. Ndipo akahisi vidole vyake vikianza kupata joto, kimoja baada ya kingine. Kilibaki kidole gumba.

"Hujapatia, ndugu yangu," alisema kwa upole. "Hebu rudia."