Mgeni wa Mama Tina

Libérate, yule msusi wa Congo aliyepanga chumba na jiko kwenye ghorofa letu pale Sydenham, Durban, hakuwa mtu wa safari. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, Tina, ameolewa Uskoti. Kwa hiyo Tina alipomtumia tiketi akamtembelee, saluni nzima ilipata habari kabla hajafunga hata sanduku.

Huko alikuta baridi, na upweke uleule aliodhani ameuacha Durban. Tina na mumewe walitoka asubuhi wakirudi hoi, kila mmoja na simu yake. Jumamosi moja Tina akampeleka kuona ngome ya kale yenye minara na bustani, ambayo watalii huilipia kiingilio. Hawajamaliza hata kupita getini, simu ya kazini ikalia.

"Tangulia, Maman, nakuja."

Libérate akatangulia. Bustani ilikuwa nzuri kupita kiasi. Vichaka vimekatwa vikanyooka kama ukuta, mawaridi yamejipanga, na hakuna hata ndege aliyelia. Kwenye benchi alikaa bibi mmoja wa Kizungu, gauni refu la kijivu, pindo limelowa ilhali mvua haijanyesha. Libérate akainamisha kichwa kumsalimu, akaketi kando yake. Hawakusemezana. Lakini huyo alikuwa mtu wa kwanza tangu afike aliyekaa naye bila kutazama simu, na moyo wake ukatulia.

Alipoinuka, adabu ya kwao ikamtoka yenyewe, tena kwa Kiswahili. Ni yale maneno tunayomwambia kila mtu tunapoagana, na hakuna anayeyatilia maanani.

"Na wewe siku moja karibu kwangu, mama. Durban."

Bibi akamgeukia taratibu.

"Lini?" akanong'ona, kwa Kiswahili.

Libérate akarudi nyuma hatua moja. Lakini ukishamkaribisha mtu utamnyimaje siku? "Siku yoyote," akajibu.

Nyuma yake Tina akauliza, "Maman, unaongea na nani?" Benchi lilikuwa tupu.

Alirudi Durban, akasuka nywele, akayasahau. Kisha chumba chake kikaanza kunuka udongo mbichi, hata siku za jua kali. Halafu watu wakaacha kuja. Annick wa mlango wa pili, ambaye hakukosa kula kwake kila Jumapili, akapotea kabisa. Libérate akamkamata ngazini.

"Nilikuya, Mama Tina," Annick akasema chinichini. "Lakini iko ule bibi muzungu kwako. Akafungua mulango, akasema unalala."

"Bibi gani?"

Annick akamtazama, akaondoka haraka.

Siku hiyo Libérate hakula. Aliogopa, tena aliogopa sana, maana Tina alikuwa anakuja Krismasi, na hilo ndilo jambo pekee lililokuwa likimwamsha asubuhi. Chumbani mwake kiti kimoja kilinuka udongo kuliko vitu vyote; akakisogelea.

"Mama, ni mimi niliyekukaribisha, sikufukuzi. Wengine wote nimekuachia. Ila mtoto wangu, nakuomba, mwache apite."

Kiti kikalia kidogo, kama mtu anayejiweka vizuri.

Siku ikafika. Libérate akapika pondu, kile kisamvu cha kwao, na ugali wa fufu, akaketi karibu na mlango tangu asubuhi. Mchana akasikia magurudumu ya sanduku koridoni. Akasikia sauti ya Tina. Akarukia kitasa.

Mlango haukufunguka.

Akavuta. Akapiga ngumi. Akaita, "Tina! Tina!" Sauti haikutoka. Huko nje mtu alikuwa akinong'ona polepole, kwa upole. Kisha Tina akapiga yowe. Lilikuwa yowe la msiba. Magurudumu yakarudi yalikotoka.

Mlango ukafunguka wenyewe. Koridoni hapakuwa na mtu. Akagonga kwa Annick. Annick akachungulia, akamwona, akapiga kelele na kujifungia.

Akampigia Tina. Tina akapokea, akasikia sauti yake, akalia kwa hasira: "Wewe ni nani unayetumia namba ya marehemu mama yangu?" Akakata, na namba haikupatikana tena. Jioni ile Libérate akaona picha Tina aliyoiweka mtandaoni: kaburi, maua mapya, na msalaba wenye jina. Libérate. Lake.

Asubuhi akaenda kwenye makaburi ya pale mtaani, aliyoyatambua pichani. Alitaka kuona kwa macho yake. Kaburi lilikuwepo, udongo umeshadidimia, nyasi zimeshaota. Akamuuliza mchimba makaburi ni nani aliyelala pale.

"Mama mmoja wa Congo. Amezikwa zamani kidogo. Jana binti yake alilia hapa mpaka tukamshika."

"Nani alimzika?"

"Bibi mmoja wa Kizungu. Alikuwa peke yake."

Mchimbaji akaenda zake. Libérate akapiga magoti, akaanza kung'oa zile nyasi, kwa kuwa aliyelala pale, awe nani awe nani, hakuwa na mtu mwingine wa karibu wa kumtembelea, Tina akisharudi Uskoti.