Sieni na Wenye Homa

Asubuhi ya kwanza Moelagi alikikuta kitambaa kimekunjwa.

Alikuwa amekifunga mwenyewe jioni iliyotangulia, kwenye nguzo ya mbele inayotazama barabara, na alikaza fundo kwa sababu upepo wa upande ule wa kisiwa cha Savai'i hauna adabu. Wapo wanaosimulia kwamba lilikuwa shuka jipya. Si kweli. Kilikuwa kipande cha pazia la zamani, chekundu, chenye alama ya kuungua kwa pasi pembeni. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kila nyumba yenye mtu ambaye hajachanjwa surua itundike kitu chekundu mbele, watu wasitoke, na magari ya wauguzi yatapita kijiji kwa kijiji. Katika nyumba ile ambaye hajachanjwa alikuwa mmoja tu: Lupe, binti wa Moelagi, aliyekuwa bado hajatimiza mwaka.

Sasa kitambaa hakikuwa kwenye nguzo. Kilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya rundo la mawe meusi ambalo ukoo huliita kaburi la pamoja. Kilikuwa kimekunjwa ukingo kwa ukingo, kama nguo ya mtoto mchanga inavyokunjwa na mtu anayempenda. Tena kilikuwa kimelowa, na usiku ule mvua haikunyesha.

"Ni mbwa tu," alisema jirani yao Tavita, aliyekuja kuomba kiberiti ingawa watu walikatazwa kutembeleana.

"Mbwa gani anakunja nguo?"

"Wangu. Mke wangu hataki kukunja, basi nikamfundisha mbwa."

Moelagi alicheka. Mama mkwe wake, Fa'asao, hakucheka. Alikuwa amekaa jikoni akiparuza majimbi, na kisu kilikuwa kimesimama mkononi.

"Kitoe pale," alisema. "Na usikipitishe karibu na mtoto."

Nyumba ilikuwa ya Fa'asao. Alizaliwa humo na mama yake alizaliwa humo. Mwanawe Iosua, mume wa Moelagi, alikuwa New Zealand akichuma matofaa kwa mkataba, kwa hiyo wanawake wawili na mtoto mmoja ndio walioishi humo, na neno la mwisho lilikuwa la mkubwa.

Jioni Moelagi alikifunga tena.

Kengele ya sala ilipogongwa, ule mtungi mtupu wa gesi unaoning'inia kwa shemasi, walishusha mapazia ya makuti, wakaketi na kuimba. Lupe alikuwa mapajani mwa mama yake. Katikati ya wimbo harufu ya mlangilangi iliingia, nzito, kama mtu aliyejipaka mafuta yake kichwa kizima amepita karibu, na chini ya ule utamu kulikuwa na harufu nyingine, ya tope la chemchemi. Hakuna aliyekuwa na mafuta ya mlangilangi katika nyumba ile. Fa'asao aliendelea kuimba, lakini sauti yake ilishuka.

Kisha mtoto akakohoa.

Kikohozi kilikuwa kikavu, kifupi, cha kubweka. Moelagi aliinama amtazame Lupe. Lupe alikuwa akinyonya kidole, kimya, macho yameelekea kwenye chandarua kilichotandazwa juu ya mkeka wake mtupu. Kikohozi kilitoka mle.

Hawakusimama mpaka sala ilipokwisha. Fa'asao alifunua chandarua kwa ncha ya ufagio. Mkeka ulikuwa na unyevu mahali pa kichwa.

"Ni Sieni," alinong'ona.

"Sieni yupi, Mama?"

"Shusha sauti. Dada wa bibi yangu. Ulikuja ugonjwa ule mkubwa ulioletwa na meli, wakati wa mafua, watu wazima wote wa nyumba hii wakalala chini na yeye akabaki wima peke yake. Alikuwa msichana mdogo tu. Wadogo zake walikuwa wanaungua kwa homa. Akawabeba mmoja mmoja mpaka kwenye chemchemi kuwapoza. Walipomkuta alikuwa amekaa ndani ya maji, amekufa, amempakata wa mwisho. Mikono yake haikufunguka. Wakawazika pamoja vile vile." Alielekeza kidevu nyuma ya nyumba. "Tangu hapo ni aitu, mzimu wa humu ndani. Hafuati kitu kingine. Anafuata mtoto mwenye moto mwilini."

"Lupe hana homa."

"Basi kwa nini amekuja? Wewe ndiye uliyemwita. Nyekundu jioni, na msichana mdogo ndani! Mama yako hakukufundisha kitu huko kwenu?" Fa'asao alikuwa tayari amekifungua kitambaa na kukitia chini ya sanduku. "Kesho hakitundikwi."

"Mama, bila kitambaa gari halitasimama."

"Ndiyo nataka lisisimame. Wewe umeolewa humu, Moelagi. Mimi nimezaliwa humu."

Gari lilipita asubuhi ya manyunyu. Barabara ilikuwa tupu hata nguruwe walilala katikati ya lami. Muuguzi mwenye koti la njano alikuwa ametoa kichwa dirishani, akizitazama nguzo moja baada ya nyingine, na mbele ya nguzo zao za bluu dereva alipunguza mwendo.

"Bibi! Hapo wote tayari?"

"Wote, mwanangu!" Fa'asao alijibu kutoka kizingitini.

"Hamna mtoto humo?"

"Wote wameshachomwa. Mungu awabariki kwa kazi!"

Moelagi alikuwa nyuma ya pazia la makuti, Lupe kifuani. Angeweza kuita. Alifungua kinywa, na mkono wa mama mkwe wake, bila ya yeye mwenyewe kugeuka, ukarudi nyuma na kumshika kifundo cha mkono. Lupe alikuwa anamvuta sikio. Gari likaenda. Moelagi alifunga kinywa, na jambo hilo hakulisimulia kwa mtu kwa miaka mingi.

Kwa muda nyumba ilitulia. Harufu haikurudi. "Umeona?" Fa'asao alisema, na Jumapili moja walikwenda kumhani mjomba wake kijiji cha pili, kwenye nyumba iliyojaa watu na vikohozi vyao.

Lupe alianza kwa mafua na macho mekundu, kisha homa. Alipokohoa mara ya kwanza Moelagi aliangusha bakuli. Kilikuwa kikohozi kile kile, kikavu, kifupi, cha kubweka, alichokisikia kwenye chandarua kabla mtoto hajaugua.

Tangu hapo nyumba haikukauka. Moelagi aliamka alfajiri akiukumbatia mwili wa mwanawe uliokuwa unaungua kama jiwe la tanuri, akainuka kumtilia maji kwenye kikombe, hatua chache tu, na aliporudi alimkuta Lupe amelala chali, nywele zimelowa mpaka mzizini, miguu imekuwa baridi na myeupe nyayoni kama ya mtu aliyesimama mtoni tangu usiku, na mtoto yule ambaye siku mbili hakuacha kulia alikuwa amenyamaza, anatabasamu, anamnyooshea mikono mtu aliyekuwa upande wa pili wa chandarua.

"Ananibebea mwanangu," alimwambia Fa'asao. "Mama, kila usiku anamtoa mbali kidogo zaidi. Nimeona matone. Yamefika mlangoni."

Fa'asao alitoka bila viatu kwenda kumwita Vaosa.

Vaosa alikuwa mganga wa kukanda, mwanamke mnene asiyependa maneno, na watu walitoka mbali kumfuata. Alifika na chupa yake ya mafuta ya nazi na majani ndani ya kikapu. Kwenye ngazi alisimama, akavuta pumzi kwa pua.

"Mlangilangi," alisema. "Yupo."

"Mtoe," alisema Fa'asao.

Vaosa alimpakata Lupe, akamgeuza kichwa, akatazama nyuma ya masikio ambako vipele vilikuwa vimeanza kushuka shingoni. Akaomba simu ya Moelagi, akawasha taa yake, akambonyeza mtoto mashavu mpaka kinywa kikafunguka. Ndani ya shavu, juu ya wekundu, kulikuwa na punje nyeupe kama mchanga. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha alirudisha chupa kikapuni bila kuifungua.

"Mbona huanzi?" Fa'asao aliuliza.

"Wameingia wawili katika nyumba hii. Huyu wa maji ni kazi yangu. Huyu wa mdomoni si kazi yangu, huyu ni surua. Mwezi huu nimekanda watoto wawili wenye punje kama hizi, Fa'asao. Nikakanda, nikaomba, wakasema wanaona nafuu. Nimekula kwenye matanga yao wote wawili. Mpelekeni hospitali sasa hivi, kabla kifua hakijajaa."

"Na Sieni?"

"Naye atakwenda. Anafuata joto." Vaosa alifunika mdomo kwa kiganja, kana kwamba kuna anayesikiliza. "Na huko watoto wenye homa wamelazwa mpaka varandani. Mtampelekea chakula."

Moelagi alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. "Nitakwenda hata akinifuata. Nifanye nini? Nikae?"

"Sijasema ukae. Nasema aachiwe mwingine mwenye joto. Wa damu yake. Akiwa hapa na damu yake hatatoka."

Tavita alikuwa tayari nje na pikapu yake, akipiga honi ndogo ndogo. Fa'asao alifungua sanduku, akatoa mablanketi yote. Kisha alikwenda kwenye tanuri ya mawe nyuma ya jiko, ambako majimbi yalikuwa yanaiva, akayachokora mawe ya moto kwa koleo, akayaviringisha kwa majani ya mgomba na matambara.

"Mama, unafanya nini?"

"Nipe fulana yake. Ile aliyolala nayo." Aliingia chini ya chandarua, akajilaza kwenye mkeka wa Lupe, mawe mbavuni na miguuni, fulana ya mtoto juu ya koo. Jasho lilimtoka papo hapo. "Nifunike. Mpaka kichwani."

"Mama, utaungua."

"Niungue! Uongo niliusema kwa mdomo huu, wewe ulishikwa mkono tu. Nenda, Moelagi. Unasikia? Nenda kabla hajajua nani ni nani."

Tavita aliendesha bila mzaha hata mmoja. Moelagi alikaa mbele, Lupe mapajani, madirisha wazi, na hata hivyo mlangilangi ulikuwa ndani ya gari, na nywele za mtoto zilikuwa zinadondosha maji juu ya mkono wake, tone, tone, wakati nje kulikuwa na jua kali lisilo na wingu, na pumzi ya Lupe ilikuwa inaingia kwa kukwama na mbavu zinajibana kila anapoivuta, na Tavita hakuuliza maji yale yanatoka wapi bali alikanyaga mafuta tu akipitia kingo za mashimo na kunong'ona sala ya watoto, ile wanayofundishwa kabla ya kulala, akiirudia tangu mwanzo kila alipofika mwisho. Walipopita kanisa la pili harufu ilikatika. Moelagi aligusa nywele za mwanawe. Zilikuwa zimeanza kukauka.

Hospitalini muuguzi aliyewapokea alikuwa yule wa koti la njano. Alimtazama Moelagi, akatazama vipele.

"Mnatoka wapi?" Moelagi alimtajia kijiji. "Nyumba gani?"

"Ya nguzo za bluu."

Muuguzi aliinua macho, kisha akamgeukia mtoto. Alimsafisha Lupe macho, akamdondoshea mafuta ya vitamini mdomoni, akachukua ute wa kooni kwa kijiti cha pamba, akamwekea mpira mwembamba wa oksijeni puani.

"Dawa ya kuiua surua yenyewe hatuna, dada," alisema. "Tunamsaidia kupumua, tunazuia kifua kisioze, na mwili wake upigane. Ungekuja kesho, tungekuwa tunaongea mengine."

Usiku ule kwenye kitanda cha jirani walimfunika mtoto mmoja uso, na mama yake hakulia, alikaa tu. Moelagi alikuwa anavuta hewa kwa pua kama mbwa. Ilinuka klorini, maziwa na jasho. Hakikuwapo kingine. Alisimama hata hivyo, akapita vitanda vyote akigusa nywele za watoto wa watu, na akina mama walimwacha, wakidhani ni huzuni.

Lupe aliponyonya tena bila kukohoa, muuguzi aliutoa mpira puani. Walipopewa ruhusa, Tavita alikuja kuwachukua. Njiani aliulizwa habari za nyumbani, akasema bibi yuko mzima, anakula, ila mchana hafungui mapazia.

Fa'asao alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya chandarua, mgongo umenyooka. Nywele zake zilikuwa zimelowa na kubandika shingoni. Moelagi alipomshika mkono alishtuka. Ulikuwa na baridi ya samaki.

"Anapumua vizuri?" Fa'asao aliuliza kwanza.

"Vizuri, Mama. Amepona."

"Usimlete huku. Mlaze chumba cha mbele. Akipata homa, hata ya meno, mtoe humu, mpeleke kwenu. Na gari lile likipita tena kwa ajili ya wengine utakaozaa, nitalisimamisha mimi mwenyewe barabarani."

"Mama, yule..." Moelagi alitazama pembe zote za nyumba. "Vaosa alikuja? Alimtoa?"

Mkwe wake hakumtazama. Alikuwa anavuta blanketi taratibu, akilifunika pale mahali patupu kando yake, mpaka panapofika bega la mtoto wa kike.

"Shusha sauti," alisema. "Ndiyo kwanza amelala."