Shoka Lililolala Majini

Ua wa Dobi uliamka kabla ya jogoo. Mama huyu alifua shuka za watu, na shuka nyeupe hazitakati bila maji ya moto. Maji ya moto yanataka kuni. Kuni zinataka shoka.

Shoka lake lilikuwa la bei rahisi, na kichwa chake kilicheza kama jino bovu. Lakini Dobi alikuwa na dawa yake. Kila jioni alililaza ndani ya beseni la kusuuzia. Asubuhi mpini umevimba, kichwa kimekaza.

"Shoka langu linaoga kuliko mume wangu," alizoea kutania.

Siku moja jua lilikuwa kali. Dobi aliinua shoka, mara mikono ikawa myepesi. Kichwa kiliruka, kikampita sikioni mama mkwe wake aliyekaa kigodani akikunja shuka, kikagonga ukuta. Pwaa!

Dobi alimkimbilia. "Mama! Umeumia?"

"Nipo. Mungu hajaniita, ila wewe ulitaka kunisindikiza!" Bibi akabeba kigoda chake, akaingia ndani. "Shoka hilo lisiguswe tena hapa. Fua kwa maji baridi, au usifue."

Dobi alijua maana yake. Madoa yatabaki, wateja wataondoka.

Akalipeleka shoka kwa jirani yake seremala, aliyeitwa Bi Randa. Bi Randa akaugusa mpini. "Mbona una madoa ya maji?"

"Huwa nalilaza majini likaze."

"Aa, shoga! Hiyo si dawa, ni sumu. Mti ukinywa maji huvimba, lakini chuma kimeubana, hauna pa kwenda. Nyuzi zake zinasagika. Ukikauka, unasinyaa kuliko jana."

"Kumbe nimekuwa nikimnywesha adui yangu!"

"Tena kwa beseni zima. Haya, shika kichwa cha shoka kiganjani, nyoosha mkono kando ya mpini. Mpini mzuri kwako unaishia kwapani."

Ule wa zamani ulizidi kwa shubiri nzima. Bi Randa akachagua mti mkavu, mgumu, wenye nyuzi zilizonyooka. Dobi mwenyewe akauchonga, akaukwangua kwa kipande cha kioo, akaupiga msasa hadi ukamkaa mkononi. Kutu akaiondoa kwa brashi ya waya, makali akayanoa kwa tupa, kisha kwa jiwe.

Bi Randa akapasua ncha ya mpini kidogo kwa msumeno, akaichomeka kwenye tundu la shoka. "Sasa kichwa kining'inie chini. Gonga kitako cha mpini."

Dobi akagonga kwa nyundo ya mti. Kichwa kikapanda chenyewe.

"He! Kinapanda ngazi!"

Wakapigilia kabari kavu kwenye ule mpasuo, wakapaka mpini mafuta.

"Kabla ya kazi, litikise," alisema Bi Randa. "Likicheza, acha. Na watu wakae mbali, hata shoka likiwa zima."

Kesho yake magogo yalipasuka kama mihogo. Maji yakachemka. Mama mkwe akachungulia mlangoni, kisha akatoka na kigoda chake.

"Mama, kule! Nyuma ya kamba ya nguo!"

"Leo unanihamisha wewe," bibi alinung'unika, lakini akaenda, akakaa, akavuta shuka ya kukunja. "Na jioni shoka litalala wapi?"

"Kwenye rafu, mama. Pakavu."

"Vizuri. Basi beseni mwachie mumeo."