Pipa la Kadidja

Kadidja alikuwa mfanyabiashara wa ndagala mjini Rumonge, kando ya ziwa. Wavuvi wakirudi asubuhi, yeye alinunua samaki wale wadogo, akawaanika, akawauza. Mchana alikunywa chai na binti yake Nafisa. Maisha yalikwenda.

Kisha ziwa likafungwa kwa muda ili samaki wazaane. Vichanja vya ndagala vikabaki vitupu. Kadidja alibaki na mtaji wake tu, yaani pesa za kununulia bidhaa. Pesa ikikaa nyumbani haina miguu, lakini hutembea: leo sukari, kesho sabuni. Akaogopa. Mtaji ukiisha, ziwa litafunguliwa naye atakuwa mtazamaji.

Jirani yake Ernestina alikuwa katibu wa chama cha akiba.

"Amahoro, Mama Nafisa," alisema. "Siye tunachanga, tunanunua mawese wakati bei iko chini, tunauza ikipanda. Tena tuko na mashine ya kusaga mihogo kule Minago. Nunua hisa."

"Hisa ni nini?"

"Ni fungu lako mu mali ya wote."

Kadidja alibakiza pesa ya chakula, nyingine akanunulia hisa. Ernestina akampeleka ghalani. Mapipa ya mawese yalijaa mpaka ukutani. Kadidja hakuwahi kuona mafuta mengi vile chini ya bati moja.

Lakini yeye ni mtu wa soko, na sokoni mali ni kile unachokishika. Kesho yake alirudi na kipande cha mkaa, akachora alama kwenye pipa lililo karibu na mlango. Hilo likawa lake. Kila Ijumaa alikuja kulifuta vumbi. Leonsi, mlinzi wa ghala na mwanachama pia, alimtania.

"Leo mutoto amekunywa maziwa?"

Asubuhi moja Leonsi hakutania. Pipa lile lilikuwa limeliwa na kutu chini, na mawese yote yametapakaa sakafuni. Kadidja aliketi palepale, nguo ikalowa mafuta.

"Mutaji wangu umekwisha," alisema. "Nafisa nitamulisha nini?"

Ernestina alifika mbio, akamshika mkono.

"Inuka, dada. Ile pipa haikuwa yako."

"Alama yangu iko pale."

"Alama, ndiyo. Lakini hisa yako iko mu mapipa yote, kidogo kidogo. Iko hata mu mashine ya Minago. Hii hasara tunaigawana. Weye utapungukiwa kidogo, nami kidogo, na Leonsi kidogo."

Kadidja alifikiri. "Na ingevuja ingine, mimi pia ningepungukiwa?"

"Ndiyo. Na tukipata faida, kila mutu anapewa fungu lake. Ile fungu inaitwa gawio. Hii njo maana ya mufuko wa pamoja."

Kadidja akainua macho. Aliyatazama mapipa, moja baada ya jingine. Watu wasiomjua hata binti yake walikuwa wamebeba hasara pamoja naye. Wahenga walisema umoja ni nguvu. Siku ile Kadidja aliuona umoja kwa macho, nao ulikuwa unanukia mawese.

"Lakini tusidanganyane," Ernestina aliendelea. "Bei ya mawese ikianguka, siye wote tunaumia. Mutu akikuambia faida haikosi kamwe, mukimbie. Na pesa ya kula kesho, usiilete huku."

Siku hiyohiyo wanachama waliyapandisha mapipa juu ya mbao, yasiliwe tena na kutu.

Bei ilipopanda, chama kiliuza. Gawio lilipungua kidogo kwa sababu ya pipa lile, lakini Kadidja alilipata. Ziwa likafunguliwa. Akanunua ndagala kwa gawio, na hisa yake akaiacha chamani. Hakujaza vichanja vyote, lakini alianza, na Nafisa hakulala njaa.

Msimu uliofuata, mvuvi mmoja, Uledi, alitaka kujiunga. Kadidja mwenyewe alimpeleka ghalani. Uledi alisimama mlangoni, mdomo wazi.

"Dada Kadidja, pipa yako ni gani?"

"Ingia kwanza uangalie vizuri," alisema Kadidja. "Yangu haiko hapa hata moja. Na haiko hata moja yenye si yangu."