Mizani Iliyofungiwa Nje

Tit. Tit. Tiiit.

Mkono wangu ulikuwa bado hewani, nagonga mlango, nilipousikia mlio huo ukitoka ndani. Ukafuatwa na sauti ya Mzee, baba wa mchumba wangu, nene kama honi ya lori aliloliendesha miaka thelathini.

"Mmesikia? Imelia! Kila asubuhi inalia! Halafu daktari ananiita mimi mtoro!"

Mlango ukafunguliwa. Mchumba wangu alisimama mbele yangu, mfuko wa madaftari ya wanafunzi begani, uso umekunjwa.

"Habari ya asubuhi, mpenzi."

"Ingia, Fundi."

Akiniita Fundi, ujue kumechafuka.

Sebuleni alikaa kaka yake, muuza vipuri vya magari. Baba yao alikuwa anatoka bafuni kwa hatua fupi, ameshika ukuta.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Usikae. Hukuitwa kukaa."

"Karibu, shemeji," kaka mtu akadakia. "Umekuja na risiti ya ile bidhaa yako feki, au umekuja na maneno matupu?"

Damu ikanipanda. Mimi nafunga intaneti majumbani, mji mzima unanijua. Mzee alipougua moyo, daktari alitaka apimwe kila siku: mapigo, hatua na uzito. Ni mimi niliyeleta saa ya mkononi na mizani ya bafuni inayotuma uzito kwa wifi mpaka kwenye kompyuta ya daktari. Sikudai hata senti. Leo naitwa tapeli?

"Shemeji, chunga ulimi. Kitu changu hakijawahi kuwa feki."

"Basi kwa nini daktari hajaona uzito wa Mzee siku tisa? Tisa! Jana kapiga simu, kamwambia kama hataki kujipima asimpotezee muda."

"Mimi!" Mzee akapiga kifua. "Mimi napanda kile kidude kila siku bila viatu, kama naingia msikitini! Kinalia, nashuka. Nilidhani kinanishukuru."

"Na namba unaona ni ngapi, Baba?"

"Namba nitaionaje? Miwani iko chumbani, na kenyewe kanazima kabla sijakohoa."

"Na ile saa ya mkononi, taarifa yake inafika kwa daktari?"

"Inafika," mchumba wangu akajibu. "Ni mizani tu."

"Basi kuna aliyechezea mizani."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kisicho na furaha, akatoa simu yake.

"Nilijua. Nilijua utasema hivyo! Ngoja niwasomee. Siku tisa zilizopita, ile mizani ya kwanza ilipopasuka kioo, dukani wakatubadilishia. Nikamwandikia Fundi: *Mizani mpya inakataa wifi. Pita kidogo.* Sikilizeni jibu."

"Mpenzi, si lazima—"

"Lazima!" Akasoma kwa sauti ya darasani:

*"Uzime uwashe tena, mizani ikutulie,*
*Kosa chomboni hamna, ni mkono wa bibie."*

Shemeji akaanguka kwenye kochi kwa kucheka. Mzee hakucheka.

"Namwomba msaada wa baba yangu, ananitungia beti! Nikazima, nikawasha. Nikamwandikia tena: *Imelia mara tatu, ndiyo imeshika?* Akajibu: *Ikilia imeitika.* Basi. Nikamwamini."

"Nilikuwa juu ya paa la mteja…"

"Umeona? Paa! Kesho itakuwa mvua, keshokutwa jirani. Kila kitu kikiharibika kuna mtu wa kutupiwa. Zimebaki wiki tatu tuoane. Nikiingia nyumbani kwako, huyo mtu wa kutupiwa atakuwa nani kama si mimi?"

Niliogopa kwamba nikifungua kinywa nitatukana. Nikaingia bafuni, nikaibeba ile mizani mpaka sebuleni, nikaiweka hatua mbili kutoka kwenye ruta, kile kisanduku cha wifi kilichotundikwa ukutani. Nikabadilisha betri. Nikapanda.

Tit. Tit. Tiiit.

Nikaandika upya neno la siri, herufi kwa herufi. Tit. Tit. Tiiit. Nikazima masafa ya kasi ya ruta, nikabakiza yale ya polepole ambayo vifaa vidogo kama hivi huyapenda. Tit. Tit. Tiiit.

"Kanaendelea kushukuru," Mzee akasema.

Nikabaki na njia moja. Nikawasha intaneti ya simu yangu mwenyewe, nikaiunganisha mizani huko, nikapanda.

Tit.

Mara moja tu, fupi, safi. Palepale nikajua kwamba ule mlio wa mara tatu ulikuwa kilio, na mimi ndiye niliyesema ni kuitika. Lakini ningekiri vipi wakati ushindi ulikuwa mkononi?

"Nzima!" nikapaza sauti. "Mmesikia? Mizani nzima kama mimi! Uzito wote iliokuwa imeuhifadhi sasa hivi unakwenda kwa daktari. Tatizo ni ruta. Sasa mniambie, nani ameigusa?"

Shemeji akajikuna shingo.

"Mimi… wiki iliyopita nilichomoa waya wake kidogo. Nilitaka kuchaji simu."

"Ahaa!" Nikamnyooshea kidole. "Feki ni nani sasa, shemeji?"

"Wewe!" Mzee akamgeukia mwanawe. "Kitanda cha kwangu, chakula cha kwangu, hata umeme wa moyo wangu unaniibia?"

"Baba, sikujua…"

Nikafungua kompyuta yangu, nimevimba kama chapati juu ya moto, nikaingia kwenye mipangilio ya ruta ili niwaonyeshe uharibifu alioufanya. Nikatazama. Nikatazama tena.

Hapakuwa na uharibifu wowote. Kulikuwa na orodha yenye kichwa nilichokiandika kwa mkono wangu: WANAORUHUSIWA TU. Simu ya Mzee. Simu ya mchumba wangu, mwalimu. Simu ya shemeji. Saa ya Mzee. Kompyuta yangu. Mizani, ile ya kwanza iliyopasuka, na namba yake ya utambulisho. Nilifunga hivyo mwanzoni kabisa, kwa sababu majirani walikuwa wananyonya wifi ya Mzee, na nilijisifu hapohapo sebuleni kwamba hata mbu hapiti bila ruhusa yangu. Mizani mpya ina namba yake yenyewe. Ilikuwa inabisha hodi siku tisa, na mlinzi niliyemweka mimi anaifukuza.

Simu ya mchumba wangu ikaita. Akaiweka wazi tusikie wote.

"Mwalimu, ni daktari. Namba zimeingia zote sasa hivi. Baba yako ameongezeka karibu kilo nne kwa siku tisa. Miguu yake ikoje?"

Akapiga magoti, akavuta suruali ya baba yake juu kidogo, akabonyeza kidole. Shimo likabaki.

"Imevimba, daktari."

"Hayo ni maji, moyo unazidiwa. Ningeona mapema tungemaliza kwa vidonge. Mleteni sasa hivi."

Shemeji alikuwa ameshasimama, funguo za gari mkononi.

"Baba, nisamehe. Wallahi sikujua. Kwa ajili ya chaji ya simu tu… nisamehe, Baba."

Mzee akauelekea mlango, ameshika ukuta.

Ngoja niseme ukweli. Hakuna aliyekuwa anaitazama kompyuta yangu. Hata wangeitazama wasingeelewa kitu. Kubonyeza mara mbili tu, mizani mpya ingeingia kwenye orodha, na mwenye kosa alikuwa ameshajitokeza mwenyewe, anaomba msamaha. Heshima yangu ingebaki na ndoa yangu ingebaki. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nikajichukia mpaka masikio yakawaka.

"Shemeji, acha kuomba msamaha," nikasema. "Si wewe."

"Nini?"

"Waya hauhusiani. Ni mimi. Nilifunga ruta isipokee kifaa kigeni, nikasahau. Mizani ilipobadilishwa, ikafungiwa nje. Nilipoombwa kuja kuangalia, sikuja. Na kulia mara tatu maana yake imekataliwa. Nilisema imeitika bila hata kufikiri."

Mchumba wangu aliinuka polepole.

"Umemwacha kaka yangu anatubu dhambi yako?"

"Nimeiona sasa hivi. Lakini ndiyo, nilitaka kumwacha."

Kofi sikupigwa. Ningelipenda kuliko yale macho.

"Kijana," Mzee akasema, akiegemea bega la mwanawe, "nipishe njia nikatibiwe."

Nikapisha. Walipokwenda nilibaki kuiingiza mizani kwenye orodha, kisha nikawafuata kwa miguu. Sikustahili kiti kwenye gari lile.

Hospitali walimchoma sindano za kutoa maji, wakamlaza. Mchana nilimkuta mchumba wangu kwenye benchi la korido, nje ya wodi, madaftari ya wanafunzi mapajani, kalamu nyekundu haijaguswa.

"Anaendeleaje?"

"Amekwenda chooni mara sita, anatukana wauguzi. Daktari anasema atapona. Kaka amekusamehe. Mimi bado."

"Najua."

"Hujui. Nina hasira mpaka meno yananiuma. Ungeirekebisha kimyakimya ukamwachia kaka lawama, ningeolewa nawe bila kujua. Hilo ndilo linalonitisha."

Nilitaka kumwambia neno zuri. Nikalimeza.

"Niulize chochote," nikasema.

Akafikiri. Huyu ni mwalimu wa hesabu, haulizi swali la kupamba.

"Nyumba ngapi nyingine umezifunga hivyo?"

Swali hilo sikulitarajia. Nikahesabu kwa vidole, nikaishiwa vidole.

"Kumi na moja."

"Kuna wagonjwa humo?"

"Bibi mmoja mwenye kisukari. Mzee mwingine wa moyo. Mama mjamzito mwenye saa ya mapigo. Wengine sijui, sikuwahi kuuliza."

"Na hao nao uliwaambia mbu hapiti?"

"Niliwaambia."

Muuguzi akapita na kitoroli, magurudumu yakikwaruza sakafuni. Mchumba wangu akangoja kipite. Kisha akafunga daftari la juu.

"Sitaki maua. Sitaki beti. Tarehe ya ndoa siifuti, lakini siithibitishi. Usinipigie simu mpaka ujue la kuniambia kuhusu hizo nyumba."

Nikasimama mbele yake, mbele ya wauguzi, mbele ya wagonjwa waliokuwa wanatusikiliza bila kificho, nikasema kwa sauti ambayo hata baba yake aliisikia kitandani:

"Nakuahidi: naanza leo, kwa yule bibi wa kisukari. Nitapita milango yote kumi na moja, na kila mlango, kabla sijafungua mkoba wangu, nitasema nimekuja kwa sababu nilikosea mimi."